Mkutano wa Mwaka, Paris

Charleroi, tarehe 14 mwezi wa kumi na moja, 1998

Mama yangu Valérie,

Nakusalimu sana, na kama barua hii imekukuta darasani nawasalimu wanafunzi wako pia, ila wasisimame. Mimi ni mzima. Baridi imeingia kama mgeni asiyejua kuaga. Ile sweta uliyonifumia bado inanitosha, isipokuwa mikono, ambayo sasa inaishia karibu na viwiko. Masomo ya umeme yanaendelea. Mwalimu wetu alisema nina vidole vizuri, akanyamaza kuhusu kichwa.

Habari za nyumbani tunazisikia redioni, na redio kila siku inasema lake. Tangu vita vianze mwezi wa nane nimekuandikia mara mbili, sijui kama barua zilifika au zinasomwa na askari fulani mahali. Kama ni wewe unayesoma, bwana askari, tafadhali uifunge vizuri ukimaliza. Huyu ni mdogo wa mama yangu, ndiye aliyenilea, tena ni mwalimu, na hapendi karatasi iliyokunjwa vibaya.

Papa Gaston amerudi safari na treni yake? Mwambie hapa treni zinafika kwa wakati na abiria bado wananung'unika. Atacheka.

Kuna habari nyingine, ndogo tu. Mwisho wa mwezi wa tatu mimi na marafiki zangu, Mputu wa Kinshasa, na Mathieu na Cathy wa hapahapa, tutakwenda Paris kwenye Mkutano Mkubwa wa kila mwaka. Ni maelfu ya watu, kutoka nchi nyingi, watu inakuja hata kutoka Japani. Tunajiandaa kila Jumamosi nyumbani kwa Mathieu. Nitakueleza zaidi nikirudi.

Mwanao,
Jéthro


Kamina, tarehe 20 mwezi wa kumi na mbili, 1998

Mwanangu Jéthro,

Amani ya Bwana iwe nawe na baridi yako. Barua imekuja na ndege ndogo ya misheni, imefunguliwa na kufungwa tena vizuri sana, kwa hiyo askari wako ni mtu mwenye adabu. Sisi tupo. Askari wamechukua madarasa yetu, nafundisha ndani ya kanisa, na watoto wanaandikia juu ya viti vya waimbaji. Ndege za jeshi zinapita juu kutwa nzima kwenda Base, kambi yao kubwa. Watoto wanazitambua kwa mlio tu, kabla hazijaonekana. Saba mara nane hawaijui.

“Watu inakuja”, Jéthro? Watu WANAkuja. Miaka yote ile nilikuwa nafundisha ukuta?

Lakini nilikusamehe palepale kwa sababu ya hiyo habari unayoiita ndogo. Ndogo! Mkutano wa Mwaka! Mimi ni Mmetodisti tangu tumboni. Nimepika kwenye Mikutano ya Mwaka, nimefua mashuka ya wajumbe, nimelala sakafuni ili wachungaji kutoka Kapanga walale kitandani kwangu, na hakuna aliyewahi kunichagua kuwa mjumbe, hata mjumbe wa akiba. Leo wewe, ambaye tulikuwa tunakupeleka shule ya Jumapili kwa kukuvuta sikio, unakwenda Mkutano wa Mwaka wa dunia nzima, na unajiandaa kila Jumamosi! Nilisoma barua yako mbele ya kanisa. Pasteur Nahum alisimama. Mama Ève wa kwaya alipiga vigelegele mpaka askari wa zamu akaja kuchungulia mlangoni.

Sasa nijibu vizuri, maana watu wananiuliza njiani. Neno kuu la Mkutano ni lipi? Askofu gani anaongoza? Kwaya zipo? Huyo Cathy ni mjumbe, au anakwenda kupika kama sisi? Wote ni Wakristo wa kweli, au ni wale wa Pasaka tu? Na usivae viatu vya mpira.

Uliuliza Papa Gaston. Bado yuko safarini.

Nimeandika hivyo, nikaacha kalamu, nikaenda kufagia ua ambao nilikuwa nimeufagia asubuhi. Nimerudi. Treni yake iliondoka hapa mwanzo wa mwezi wa nane kwenda upande wa Kabalo, yeye akiendesha na Tshibangu akiwa msaidizi wake. Vita vikakata njia nyuma yao. Tangu hapo hakuna habari, hata ya uongo. Watu wa reli nikiwauliza wanatazama viatu vyao.

Kwa hiyo nakuomba jambo moja, na ndilo nililokaa chini kuandika. Huko kwenye Mkutano, wakati wajumbe wanapoleta mahitaji ya nyumbani kwao, simama uwaombe watu wote hao wamwombee Gaston, kwa jina lake. Maombi yetu hapa yamechoka. Yanafika kwenye dari na kurudi. Maelfu ya watu ni kitu kingine.

Mama yako,
Valérie


Charleroi, tarehe 30 mwezi wa kwanza, 1999

Mama yangu,

Heri ya mwaka mpya, ingawa utakapoisoma hii mwaka utakuwa umeshazeeka. Mimi ni mzima, sweta bado ni nzima. Mathieu alinialika Noeli kwao, wakanipa sungura kwenye mchuzi wenye sukari. Nilikula, nikashukuru, nikakumbuka bukari yako ya unga wa mahindi kwa uchungu.

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama kwenye ngazi. Nilipofika kwa Papa Gaston nilikaa kwenye ngazi hizohizo, na watu wakanipita kulia na kushoto. Nililia, Mama. Kwa nini hukuniambia tangu mwezi wa tisa?

Kuhusu Mkutano, nilianza kukuandikia kurasa mbili kukueleza vizuri ni mkutano wa namna gani. Nimezichana. Ngoja nijibu tu yale uliyouliza.

Neno kuu, anasema Mathieu aliyekwenda mwaka jana, huandikwa juu ya mlango kwa taa za rangi: “Karibuni katika ulimwengu mpya.” Askofu sijui, ila kuna wakubwa wanaotoka Japani, na watu wanapanga mstari kutwa nzima ili wawape mkono tu. Kwaya hakuna, muziki upo, mwingi kuliko masikio. Cathy haendi kupika. Yeye ndiye kiongozi wetu, kwa sababu ana macho makali na hana huruma kwa adui. Kama wote ni Wakristo wa kweli, hilo sijawauliza. Najua tu kwamba wanakesha, na wengine wanafunga kula kwa kusahau. Viatu nitavaa vya ngozi.

Lile ombi lako sijui kama nitapata nafasi ya kulisema. Pale si mahali ambapo kila mtu anasimama na kusema. Mputu nilimsomea barua yako. Alicheka mashuka ya wajumbe mpaka akashika mbavu, kisha nikafika kwenye reli, akaacha. Akasema, “Mama kama huyu huwezi kumwambia hapana.” Nami sikukuambia ndiyo, Mama. Naomba uisome barua hii polepole.

Mwanao,
Jéthro


Kamina, tarehe 25 mwezi wa pili, 1999

Mwanangu,

Salamu. Hatujambo, kuku wawili tu ndio hawapo, na kambi ya askari ndiyo inayojua walikokwenda. Jibu lako bado halijafika. Naandika hivyohivyo kwa sababu mwenye lori la Lubumbashi ameniambia anaondoka sasa hivi. Sasa hivi yake ni kesho kutwa, lakini huwezi kujua.

Umba amekuja. Unamkumbuka, yule kaka mkubwa wa Papa Gaston wa Luena, anayekohoa kabla ya kusema uongo. Amekuja na shangazi zake na mikeka. Wachuuzi wa samaki wa Kinkondja wamesikia kwa wengine kwamba kuna treni iliungua ng'ambo ya Kabalo. Hilo tu. Akasimama katika ua wangu mbele ya majirani, akakohoa.

“Bwana yako alishakufa, Valérie. Weye unangoya nini? Tufanye kilio, tumalize.”

“Minyi siko mujane,” nikamwambia. “Nani alimuona? Leta muntu mwenye alimuona.”

“Bantu ba Kinkondja balisikia.”

“Kusikia njo kuona?”

Umba aliingia ndani, akavaa lile koti la reli la Papa Gaston, lenye vifungo vya shaba, eti aone kama panya hawajalitoboa. Bado anaona.

Wewe ni kijana, pengine hujui. Wakishafanya kilio nitakalishwa chini, nitanyolewa, na baada ya hapo mazungumzo yatakuwa juu ya nyumba, kitanda, na nani anirithi pamoja na sufuria. Lakini si hilo linaloniumiza. Mimi nikikaa kwenye ule mkeka nikalia, nitakuwa nimemwua Gaston kwa mdomo wangu mwenyewe. Siwezi. Nampenda yule mtu, Jéthro, na kukoroma kwake.

Basi nikatafuta neno, nikalipata. Nikawaambia, “Mungoye Conférence. Mutoto wetu iko mujumbe. Bantu maelfu batamuombea. Tutafanyaje kilio mbele ya Conférence?” Pasteur Nahum akaniunga mkono, tena kwa Kifaransa, na wanawake wa kanisa wameanza kufunga kwa ajili ya Mkutano wako. Umba anaogopa vitu viwili duniani, nyoka na Mkutano wa Mwaka. Amekubali. Mkutano ukiisha, na mvua zikiisha, na habari hakuna, nitakaa chini.

Kwa hiyo safari hii sikuombi. Utasimama, na utasema. Kama mwenyekiti atakunyima nafasi, mwambie umetumwa na mwalimu.

Mama yako,
Valérie


Charleroi, tarehe 6 mwezi wa nne, 1999

Mama yangu,

Nakusalimu, na kumwomba Mungu barua hii ikukute umesimama, sio umekalishwa. Ile ya mwenye lori ilinifikia jioni ya kuamkia safari. Niliiweka kwenye mfuko wa shati, na huko Paris ilikuwa inanichoma kama kaa la moto.

Nakuambia ilivyokuwa. Jumba lenyewe ni kubwa kuliko gare ya treni ya Kamina pamoja na karakana zake zote. Taa, moshi wa kuchezea, ngoma za umeme, watu wamevaa mavazi ambayo sitayaeleza, nimekutumia picha. Tulipambana na adui kuanzia asubuhi. Mathieu alianguka mapema. Mimi nilianguka mara nyingi, nikainuka kila mara, ndivyo ilivyo kule. Cathy alikuwa anatupigia kelele kama wewe siku ya mtihani. Mpaka jioni tulikuwa bado tumesimama, na waliokuwa wamebaki walikuwa wachache.

Tukashindwa. Wavulana wa Uswidi, wembamba, wapole, walitumaliza kabla sijakaa vizuri. Tukawa wa tatu. Wa tatu wanapewa kofia, na wanapandishwa jukwaani kuwasalimu watu. Bwana mmoja mwenye meno mengi alinisogezea mikro akaniuliza kama nina neno kwa mashabiki wangu.

Mama, mashabiki wangu ni wewe.

Nikatoa barua. Nikaikunjua, na karatasi ikasikika kwenye spika. Nikasema kwa Kifaransa, “Ninaomba mmwombee Gaston, na mwenzake Tshibangu, hawajarudi.” Wakadhani ni wachezaji! Jumba zima likaanza kupiga makofi na kuita, “Gas-ton! Gas-ton!” Wengine wakapiga miguu chini. Sijawahi kusikia jina la mtu likiitwa hivyo. Nilikuwa nataka ardhi ipasuke, na papo hapo nikafurahi, kwa sababu nilifikiri kelele hii pengine inafika Kabalo.

Cathy ndiye aliyeninyang'anya mikro. Akawaambia ni mtu wa kweli, dereva wa treni, amepotea kwenye vita vya kweli, na nyumbani kuna mke anayekatazwa kungoja. Basi watu wakanyamaza, safu kwa safu, kutoka mbele mpaka nyuma. Mashine peke yake ziliendelea kulia ti-ti-ti. Nikasema “Baba yetu uliye mbinguni” kwa Kiswahili, maana ndiyo ninayoijua bila kukosea. Mputu akaisema kwa Kilingala. Wavulana wa Uswidi wakavua kofia. Wengi hawakujua cha kufanya, wakatazama viatu vyao, lakini walikaa hivyo mpaka nilipomaliza. Hata yule mwenye meno alisema amina.

Mengine itasema picha. Usiwaonyeshe watu wengi.

Mwanao,
Jéthro


Kamina, tarehe 12 mwezi wa sita, 1999

Mwanangu Jéthro,

Mengine YAtasema picha, hapana, picha ITAyasema mengine. Umeona, mpaka mimi umenichanganya.

Papa Gaston amerudi.

Nimeliandika peke yake ili ulitazame vizuri kama ninavyomtazama mimi. Amekaa mlangoni, anamenya karanga, na maganda anayatupa pale nilipofagia. Simwambii kitu.

Mvua zilikuwa zimekwisha. Umba alikuwa ametandika mikeka uani, shangazi zake wameshafika, chungu cha pombe kimefichwa nyuma ya nyumba ili Pasteur asikione, ingawa alikuwa amekwisha kukiona. Mimi nilikataa kutoka kanisani. Nilikuwa nafundisha kugawanya, na nilikuwa nimeamua kugawanya mpaka usiku kama ni lazima. Kwa hiyo sikuona mwenyewe, lakini mtaa mzima umenisimulia, na kila mmoja anamwigiza Umba vizuri kuliko mwenzake.

Mtu mmoja mwembamba alishuka kwenye baiskeli ya mchuuzi wa samaki. Alikuwa na ndevu, na kiatu kimoja. Akapita katikati ya mikeka bila kusalimu, akasimama mbele ya Umba.

“Yaya,” akamwambia kaka yake, “ile koti iko yangu.”

Umba alipiga kelele moja akaruka ua wa jirani, na koti mwilini. Shangazi mmoja mpaka leo hajaweza kusema vizuri kwa woga. Pombe waliinywa majirani, kwa furaha badala ya kilio, na Pasteur Nahum akasema leo hakuona kitu. Mimi nilipoitwa nilikimbia na chaki mkononi. Nilimshika Gaston usoni, nikampaka chaki usoni kote, nikalia mpaka wanafunzi wangu wakaaibika.

Waliposhambuliwa ng'ambo ya Kabalo waliruka kutoka kwenye injini. Gaston akaangukia upande wa mto. Wavuvi wakamficha, wakamshusha na kumpandisha kwenye mitumbwi miezi yote hiyo, akaugua homa huko Mulongo mpaka wakamchimbia kaburi, akapona, wakalifukia kwa hasira. Kutoka Kinkondja akapata baiskeli. Haya nimeyakusanya neno moja moja, kwa sababu hakuwa anaongea. Alikuwa anakula, analala amevaa, na mlango ukigongwa anainuka. Nilikuwa nimempata mume wangu na sikuwa nimempata bado.

Ndipo ikaja barua yako ya Paris. Pasteur aliisoma kanisani, na kila palipotajwa adui au wachezaji akaeleza kwamba ni mafumbo ya vita vya kiroho. Watu walilia, Jéthro, kwaya nzima, na waliposikia maelfu waliita jina la Gaston kwa kupiga miguu, Mama Ève aliwaonyesha, nao wakapiga miguu mpaka vumbi likatoka sakafuni. Kisha picha ikapita mkono kwa mkono. Mama Ève akauliza huyu mwenye masikio marefu na mkia wa kijani, aliyekushika bega, ni nani. Pasteur akaitazama kwa muda, akaeleza kwamba makanisa ya Ulaya yana mavazi yao, na kwamba huyo kwa vyovyote ni askofu.

Nyumbani Gaston aliichukua. Aliitazama kwa karibu, akaitazama kwa mbali.

“Valérie,” akasema, “hii haiko Conférence.”

“Njo nini?”

“Iko jeu. Ba-jeu ya mashini. Niliionaka mu bar moya ya Lubumbashi, pa gare. Mutoto alienda kucheza!”

Akaanza kucheka. Alicheka akakohoa, akalala kwenye sakafu na picha juu ya tumbo, akasema “askofu”, akaanza upya. Tangu mwezi wa nane wa mwaka jana nyumba hii haikuwa imesikia mtu akicheka. Mimi nilikuwa nimekasirika. Nilikuwa nimekwisha kupanga maneno ya kukuandikia, mengine ya Kifaransa, kuhusu mtu anayewafungisha wanawake wa kanisa zima kwa ajili ya mchezo. Lakini nilimwona Gaston amelala pale, machozi yanamtoka, anashika mbavu, na ni yeye, ni Gaston mwenyewe. Yale maneno ya Kifaransa nitayatumia kwa Umba, ambaye bado hajarudisha koti.

Kanisani sijasema kitu. Picha imetundikwa kwenye chumba cha Pasteur, karibu na maaskofu wengine.

Sasa nisikilize, na usicheke. Waliporuka kutoka kwenye injini, Tshibangu aliangukia upande wa pili wa reli. Gaston alimwita, risasi zikajibu. Hakuna aliyemwona tena. Jana mke wake, Salomé, alikuja hapa, akakaa karibu na Gaston, wakamenya karanga pamoja. Alipoondoka alinivuta pembeni. Aliniambia shemeji zake wamefika na mikeka. Aliniambia pia amesikia kwamba kule Paris jina la Gaston ndilo waliloliita kwa sauti, la Tshibangu lilisemwa mara moja tu, tena haraka. Akaniuliza Mkutano mwingine ni lini.

Nilimtazama Gaston. Gaston akatazama karanga zake.

Nimekwenda mwenyewe kwa hao shemeji, nimewaambia wangoje Mkutano. Kwa hiyo tafuta mwingine, Paris au popote, wa mwezi ujao ukiwezekana. Jiandaeni kila Jumamosi na Jumapili baada ya ibada. Mwambie Cathy asiwahurumie wale wa Uswidi. Mfike kwenye mikro, mwanangu, na safari hii anza na Tshibangu, ulitaje polepole, uwangoje mpaka waliite.

Mama yako,
Valérie